Furukombe na Maji ya Katuma

Furukombe, ambaye watu wengi humwita tai mla samaki, ni ndege mbuai anayeishi kando ya mito, maziwa na mabwawa katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, kuanzia Senegali hadi Ethiopia na kushuka mpaka Afrika Kusini. Mkoani Katavi, nchini Tanzania, anapatikana mahali patatu pasipofanana: ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kwenye vijiji kama Karema na Ikola, nyanda za Ziwa Rukwa, na katikati ya mkoa, kando ya Mto Katuma na mbuga za Katavi na Chada ambazo mto huo huzijaza wakati wa mvua. Tanganyika na Rukwa hayakosi maji mwaka mzima. Katuma hauna uhakika huo, na kwa sababu hiyo hiyo ndipo mahali pazuri pa kuelewa jinsi maisha ya furukombe yanavyofungamana na mwendo wa maji.

Furukombe aliyekomaa ni rahisi kumtambua. Kichwa, shingo, kifua na mkia ni vyeupe pe. Tumbo na mabega yana rangi ya hudhurungi iliyokolea, na mabawa ni meusi. Ngozi ya usoni na miguu ni ya njano. Jike humzidi dume, kama ilivyo kwa ndege mbuai wengi: jike huwa na kilo 3.2 hadi 3.6, na mabawa yake yakikunjuliwa hufikia mita 2.4 kutoka ncha hadi ncha, ilhali dume ana kilo 2 hadi 2.5 na mabawa ya mita 2 hivi. Wakitua pamoja juu ya tawi moja, tofauti hiyo huonekana kwa macho bila darubini.

Taabu iko kwa wachanga. Furukombe aliyetoka kiotani majuzi ni wa kahawia, mwenye michirizi na mabaka ya weupe, na mkia mweupe wenye ukingo mweusi. Kila akibadilisha manyoya anazidi kuwa mweupe kichwani na kifuani, lakini humchukua miaka minne au mitano kuvaa mavazi ya wazazi wake. Katika muda huo watu humdhania mwewe au tai wa porini. Kando ya Tanganyika, kwenye michikichi, yupo pia tumbusi mla mawese, ambaye ni mweupe zaidi ya furukombe na hupendelea matunda ya mchikichi kuliko nyama. Na kati ya Oktoba na Machi hufika mgeni kutoka Ulaya, mbuai mwingine wa samaki, mwenye tumbo jeupe na mstari mweusi unaopita machoni. Huyu hujitosa majini mpaka akazama, jambo ambalo furukombe halifanyi.

Kinachomtangaza furukombe kabla hajaonekana ni sauti. Hurudisha kichwa nyuma mpaka kikakaribia mgongo, kisha hutoa mlio mkali wa milipuko kadhaa inayoshuka taratibu. Dume na jike huitikiana, na sikio lililozoea huwatenganisha, kwa kuwa sauti ya dume ni nyembamba na kali zaidi. Milio hii hutolewa sana alfajiri. Kazi yake ni kutangaza mipaka: jozi huwaambia majirani kwamba kipande hiki cha mto kina wenyewe, na majirani hujibu hivyo hivyo, hata mlio mmoja ukasafiri mtoni kutoka mti hadi mti. Mfaransa François Levaillant, aliyesafiri kusini mwa Afrika miaka ya 1780, alimpa ndege huyu jina linalotokana na kelele zake, na mwaka 1800 mwenzake François Daudin akaliweka jina hilo katika orodha ya kisayansi. Mpaka leo jina la spishi ni vocifer, yaani mpiga kelele. Kwa miaka mingi aliwekwa katika jenasi ya Haliaeetus pamoja na tai mwenye kichwa cheupe wa Marekani. Uchunguzi wa vinasaba umewafanya wataalamu wamhamishie katika jenasi ya Icthyophaga, karibu na tai wala samaki wa Asia. Ndugu yake wa karibu kabisa yuko Madagaska, naye ni miongoni mwa ndege mbuai walio wachache zaidi duniani. Wa bara amekuwa na bahati njema zaidi, hata ya heshima ya kitaifa: yumo katika bendera ya Zambia tangu 1964, na katika nembo za Namibia na Sudan Kusini.

Uvuvi wake una saa nyingi za kukaa na dakika chache za kuruka. Sehemu kubwa ya mchana huwa juu ya tawi lililo wazi linaloelekea majini, akitazama. Akimwona samaki hushuka kwa mteremko mrefu, hutupa miguu mbele anapofika juu ya maji, hunyakua na kuinuka pasipo kusimama. Mara nyingi hulowa miguu tu. Kwa hiyo samaki anayeweza kumfikia ni yule aliye karibu na uso wa maji, ndani ya sentimita 30 hivi, na maji yakiwa na tope jingi au yakifunikwa na magugu, furukombe hulala na njaa hata kama samaki wamejaa chini. Nyayo zake zina vijiba vikali vinavyozuia mawindo yenye utelezi yasimponyoke, na kucha zake ni ndefu, nyeusi, zilizopinda sana. Samaki wengi anaowachukua hawafiki kilo moja. Akimpata wa kilo mbili au zaidi hawezi kupaa naye, hivyo humburuta juu ya maji, na akizidiwa kabisa huketi majini na kupiga mabawa kama makasia mpaka afike ukingoni.

Asichokivua, hukipora. Huwavamia korongo na mwari waliokwisha kukamata samaki, akawazonga mpaka waachie. Hula pia makinda ya ndege wa maji, kobe wadogo, kenge, mamba wachanga na mizoga ya samaki. Katika maziwa ya magadi ya Kenya, kama Bogoria, ambako samaki ni haba, furukombe huishi kwa kuwinda heroe. Hata hivyo samaki ndiye chakula chake cha msingi, na jozi iliyo mahali penye samaki wa kutosha humaliza uvuvi wa siku kwa muda mfupi tu, kisha hurudi kwenye tawi. Kukaa huko kwenye tawi kusichukuliwe kuwa uvivu. Ni dalili kwamba mto una afya.

Mto Katuma huanzia nyanda za juu za magharibi mwa Mpanda, hupita karibu na mashamba ya mpunga ya vijiji kama Kakese na Mwamkulu, hufika Sitalike na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1974 na baadaye ikapanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471. Ndani yake mto hutawanyika kwanza katika Ziwa Katavi, kisha katika Ziwa Chada, ambako hukutana na Mto Kapapa. Baada ya hapo maji huendelea kwa jina la Kavuu, yakiteremka mpaka Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka. Neno ziwa kwa Katavi na Chada linafaa kwa miezi michache tu ya mwaka. Mvua za Novemba hadi Aprili huyafanya kuwa bahari ya maji ya kina kifupi. Kufikia Septemba yamegeuka mbuga za nyasi zinazolishwa na nyati na pundamilia, na maji yaliyobaki yamo katika mkondo mwembamba na madimbwi. Jina Katavi lenyewe linatokana na Katabi, mzimu wa Wabende, ambaye kwa imani yao makazi yake ni mkwaju ulio karibu na ziwa hilo. Wazee waliouheshimu mti ule waliheshimu pia maji yaliyo chini yake.

Kwa samaki, kupungua kwa maji huku ni mtego. Perege na samaki wengine waliosambaa mbugani wakati wa mafuriko hurudi mkondoni au hunaswa madimbwini. Anayestahimili kuliko wote ni kambale. Ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa, kwa hiyo anaweza kuishi katika maji yaliyokosa oksijeni na hata katika tope zito, mradi apande juu mara kwa mara kuchota hewa. Kupanda huko ndiko kunakomponza. Kambale anayefuata hewa juu ya dimbwi anakuwa katika zile sentimita chache ambazo kucha za furukombe zinafika. Kiangazi cha Katavi hivyo humletea tai huyu meza iliyoandaliwa: maji machache, samaki wengi, uso wa maji ulio wazi. Mezani hapo haketi peke yake. Marabu, korongo na mwari hujazana, mamba hungoja, na viboko kwa mamia husongamana katika madimbwi yaliyosalia.

Ndiyo maana furukombe wa sehemu nyingi za kusini mwa Ikweta hutaga kiangazi. Jozi, ambayo kwa kawaida hudumu pamoja maisha yote, huanza kwa michezo ya angani: ndege wawili hupanda juu sana, hushikana kucha na kuanguka huku wakizunguka, kisha huachana kabla ya kufika chini. Hurudi kwenye kiota kile kile mwaka hadi mwaka, wakiongeza vijiti na matete, hata kikafikia upana wa mita 1.2 hadi 1.8. Huwekwa juu katika mti mkubwa ulio karibu na maji, kama vile mgunga, mkwaju au mti mwingine wenye panda imara na nafasi ya kuruka. Jike hutaga yai moja hadi matatu, mara nyingi mawili, meupe yenye madoa mekundu machache. Wote wawili huatamia, ila jike hukaa zaidi na dume humletea chakula.

Hesabu ya siku ndiyo kiini cha mambo. Mayai huatamiwa kwa siku 42 hadi 45. Makinda hukaa kiotani siku 70 hadi 75 kabla ya kuruka mara ya kwanza. Baada ya hapo kinda bado hajui kuvua. Hulishwa na wazazi kwa takriban miezi miwili mingine, akijifunza polepole kupima umbali wa samaki ambaye maji yanapotosha mahali alipo. Jumla ni karibu miezi sita tangu yai la kwanza mpaka kinda ajitegemee. Jozi iliyotaga Mei itakuwa na kinda mwenye njaa kubwa kabisa Julai na Agosti, kinda anayeanza kuruka Septemba, na mwanafunzi wa uvuvi Oktoba na Novemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo Katuma, kwa desturi yake ya zamani, ulikuwa umepungua lakini ungali ukitiririka. Ratiba ya ndege ilijengwa juu ya ratiba ya mto.

Ratiba ya mto imebadilika. Katika miongo ya karibuni watu wa Mpanda na vijiji vyake wameongezeka sana, wakulima na wafugaji wamehamia kutoka mikoa mingine, misitu ya miombo kwenye vyanzo imekatwa kwa mashamba na mkaa, na majaluba ya mpunga yameenea bondeni. Maji huchepushwa kwa skimu zilizojengwa na kwa mabanio ya kienyeji yanayoziba mkondo mzima. Mapitio ya Elisa, Gara na Wolanski, yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliutaja Katuma miongoni mwa mito ya Tanzania ambayo kukauka kwake kunatishia hifadhi, na yakaelekeza kidole kwenye uchepushaji huo na uharibifu wa mazingira ya juu ya mto. Ule mkondo mwembamba wa Agosti na Septemba ndio hutoweka kwanza, na ndio furukombe anaouhitaji kuliko mafuriko yote ya Machi.

Mto ukiacha kutiririka, madimbwi hayabaki kuwa ghala la samaki. Viboko hula nyasi usiku nchi kavu na kunya majini mchana. Penye mkondo, kinyesi huchukuliwa na hurutubisha mto. Penye maji yaliyosimama hurundikana, huoza na kumaliza oksijeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Mto Ruaha Mkuu, ambao nao umekuwa ukikatika kiangazi tangu miaka ya 1990 kwa sababu ya umwagiliaji wa juu yake, ulionyesha kwamba madimbwi yenye viboko hupoteza samaki pindi mto unapoacha kutiririka. Katika hali kama hiyo wale wasioweza kupumua hewa hufa kwa wingi. Kwa siku chache furukombe na marabu hupata karamu ya mizoga. Baadaye husalia kambale, na tope likikauka hata kambale hufikiwa na mwisho wake.

Tai aliyekomaa halazimiki kusubiri hapo. Ana mabawa, na Rukwa haiko mbali kwake. Lakini kinda wa wiki sita hana pa kwenda, na mzazi anayevua mbali hawezi kurudi na samaki mara za kutosha kwa siku. Kwa hiyo madhara ya mto kukauka mapema hayaonekani kwa kuhesabu ndege weupe waliokaa mitini. Mzazi anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi akiwa palepale, akilia kila alfajiri, bila kuacha mtoto hata mmoja. Kinachopaswa kuhesabiwa ni wale wa kahawia.

Kwamba ndege huyu hufuata hali ya maji kunathibitishwa na Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako amechunguzwa kwa muda mrefu kuliko pengine popote, tangu siku za mtaalamu wa ndege Leslie Brown. Katika miaka ya 1990 furukombe wa Naivasha walipungua na kuzaliana kwao kukafifia, wakati ziwa lilipokuwa limeshuka na samaki wamekuwa haba. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zililijaza tena, na hali ya tai ikaanza kuwa nafuu. Furukombe anayo hiyo sifa ya kurudi upesi pale anaporudishiwa mahitaji yake, na ni sababu ya kweli ya kuwa na matumaini juu ya Katuma.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Sumu inayoingia majini hukusanyika kidogo katika viumbe vidogo, zaidi katika samaki, na zaidi kabisa katika mwili wa anayekula samaki kila siku. Kwenye Ziwa Kariba, upande wa Zimbabwe, ambako DDT ilipigwa kwa ajili ya mbung'o, mayai ya furukombe yalikutwa na maganda membamba yanayovunjika kirahisi. Katavi ni nchi ya mbung'o pia, ni nchi ya pamba na tumbaku zinazonyunyiziwa dawa, na ni nchi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kazi ambayo hutumia zebaki. Zebaki ikifika mtoni hufuata njia ile ile hadi kwa samaki. Mlaji wa mwisho hapo si tai peke yake, kwa kuwa kambale wa Katuma huishia pia kwenye masufuria ya Mpanda.

Kisheria, furukombe analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na duniani spishi yake haijahesabiwa kuwa hatarini. Sheria inayomgusa zaidi, hata hivyo, haimtaji kabisa. Ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Katika mita hizo 60 ndimo ilimo miti mikubwa ya viota na matawi ya kuvulia, na miti hiyo hiyo huzuia udongo usiporomoke na kuyachafua maji. Pale mabanio yanapojengwa kwa utaalamu, yakiwa na mlango unaoruhusu sehemu ya maji kuendelea kushuka, mpunga na mto vinaweza kukaa pamoja. Mpunga wa masika huvunwa kati ya Mei na Julai. Maji ya Agosti hadi Oktoba ndiyo yanayohitaji mjadala wa wazi kati ya wakulima, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa na hifadhi, kila mwaka, kabla mto haujazibwa.

Anayetaka kumwona furukombe Katavi aanzie Sitalike, kilomita 35 hivi kusini mwa Mji wa Mpanda, ambako barabara huvuka Katuma juu ya dimbwi la viboko. Ndani ya hifadhi, kingo za mto karibu na Ikuu na pembezoni mwa Chada ndizo zenye miti anayoipenda. Juni hadi Septemba viota huwa na makinda, na nyasi zimeshuka kiasi cha kuacha macho yaone mbali. Wakati wa mvua ni afadhali kwenda Karema, ambako furukombe huvua juu ya maji maangavu ya Tanganyika asubuhi, wakati wavuvi wa dagaa wakirudi pwani na taa zao.